GARI LA MBAO: ALIYELIUNDA NI NANI?

Hapa Bandari ya Bujumbura mzigo hupokewa kwa alama na namba. Je, likishushwa gatini gari la zamani la Kiingereza, stesheni wagoni yenye bodi ya mbao, karani aandike nini?

Kwanza tujue lilivyozaliwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, chuma kilikuwa adimu Uingereza na kilitolewa kwa mgawo. Viwanda viliuza chesisi yenye injini na boneti. Maseremala wa karakana nyingine wakaunda sehemu iliyobaki, aghalabu kwa mbao ya mti uitwao ash. Miaka ile ya mwanzo gari hilo lilihesabiwa la kazi: likasamehewa kodi ya ununuzi, lakini lisizidi maili 30 kwa saa.

Kwa hiyo nembo ya mbele humtaja mwenye chesisi, si aliyeunda bodi. Tusome namba ya chesisi, kisha tutafute kibati cha karakana, hasa kwenye kizingiti cha mlango. Kikikosekana, tutazame viungo, bawaba na mlango wa nyuma, tulinganishe na picha za zamani. Tusilichanganye na Morris Minor Traveller ya 1953 hadi 1971: hiyo ilitoka kiwandani na mbao zake, zote kwa umbo moja. Tukumbuke pia kwamba mbao huoza na kubadilishwa.

Daftari likikosewa, lawama humwangukia karani. Basi aandike namba ya chesisi, na aina ya bodi kando. Jina la karakana likionekana, liandikwe pia: seremala naye ni mfanyakazi, anastahili kutajwa.