Paka, Mbwa na Ndoo: Nahau za Waingereza

Siku hizi ukisoma insha za wenzetu utakutana na mzee "aliyepiga ndoo teke" kisha akazikwa Jumamosi. Asiyejua Kiingereza atauliza, kwani ndani ya ndoo mlikuwa na nini? Mwingereza akisema hivyo ana maana kwamba mtu amekufa, basi. Kwetu mtu huyo amekata kamba au, kwa heshima, ameaga dunia.

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kuchambua neno moja moja. Ukiitafsiri sisisi unabaki na maneno matupu, na maksi zinakwenda.

Hebu tutazame chache. Waingereza husema mvua imenyesha paka na mbwa, yaani imenyesha kweli kweli. Msemo huo si wa juzi, maana Jonathan Swift aliutumia katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1738. Jambo la nadra nalo ati hutokea mwezi ukiwa wa buluu. Siku hizi jina hilo hupewa mwezi mpevu wa pili katika mwezi mmoja wa kalenda, nao huonekana karibu kila baada ya miaka miwili na nusu. Sisi tunasema adimu kama wali wa daku.

Inayonifurahisha zaidi ni ya maharagwe. Mwingereza aliyetoa siri amemwaga maharagwe. Mswahili naye amemwaga mtama penye kuku wengi. Kusema kweli yetu inaishinda yao, kwa sababu maharagwe yakimwagika utayaokota, lakini mtama mbele ya kuku, utaokota ngapi? Tena wao hutuonya tuwaache mbwa waliolala, na wahenga wetu walishasema aliyelala usimwamshe.

Ziko nahau zilizokwisha kuhamia kwetu, kama machozi ya mamba na ndovu mweupe. Husimuliwa kwamba wafalme wa Thailand, enzi hizo ikiitwa Siam, wakitaka kumfilisi mtu walimzawadia ndovu mweupe. Kumlisha ni gharama, kumfanyisha kazi haifai, kumkataa huwezi. Leo jengo la umma likikwama, magazeti yetu huliita ndovu mweupe na kila mtu anaelewa. Hizo tuziache, zimeshakuwa wenyeji.

Za kuogopwa ni zile zinazofanana na zetu kwa sura tu. Kwa Mwingereza, kukuvuta mguu ni kukufanyia mzaha, au tuseme kukuchezea shere. Kwetu anayevuta miguu anajikokota, hataki kwenda. Sasa wewe umeandika katika karatasi ya insha, "Rafiki yangu alikuwa akinivuta mguu tu." Mtahini ataelewaje? Pengine atadhani ulitumbukia mtaroni, na rafiki yako alikuwa akikuokoa.