Ofisi ya nyumbani: biashara ya mpakani nayo ina haki ya kuwa na meza yake

Wafanyabiashara wengi wadogo wa mpaka wa Rusumo hawana fremu. Mzigo hupokelewa uani, fedha huhesabiwa barazani na risiti huwekwa chini ya godoro. Kufanyia biashara nyumbani si kosa, kwani kodi ya pango unayookoa ni mtaji. Taabu huanza pale biashara inapokaa kila kona ya nyumba, ikawa haina mahali pake.

Wengi wetu tuliorejea Rwanda kutoka mkoani Kagera mwaka 2013 tulianza upya tukitegemea Kiswahili chetu na watu tunaofahamiana nao ng'ambo ya mto Akagera. Mimi naishi Nyakarambi, wilayani Kirehe, na mchele wangu natoa Kahama. Ofisi yangu ni pembe ya chumba: meza ya mbao, kiti, rafu ya mafaili na sanduku la bati lenye kufuli. Watoto wanajua kwamba meza ile si ya kulia chakula wala ya kupigia pasi.

Ukutani nimetundika saa mbili. Tanzania iko mbele ya Rwanda kwa saa moja. Wakala wa Kahama akifunga saa kumi na moja jioni, kwangu ni saa kumi tu. Asiyekumbuka hilo atapiga simu ofisi imeshafungwa, na gari litapakia mzigo wa mwingine.

Aidha, anayenunua kompyuta au chaja Tanzania akumbuke kuwa plagi za huko huwa na pini tatu bapa, wakati soketi za Rwanda huchukua pini za mviringo. Nunua adapta imara. Waya mtupu uliochomekwa ukutani ni moto unaosubiri siku yake.

Lililo muhimu zaidi ni karatasi. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kilipozinduliwa mwaka 2016, mzigo hukaguliwa sehemu moja badala ya kusimamishwa pande zote mbili. Lakini karatasi ikikosekana, kituo kizuri hakikusaidii. Namfahamu mwenzetu ambaye magunia yake yalilala mpakani siku mbili kwa sababu ankara ilibaki mfukoni mwa shati, na shati likafuliwa.

Kila mzigo uwe na bahasha yake, yenye tarehe na namba ya gari. Ndani weka ankara, risiti ya usafiri, hati za forodha na, kwa mazao, cheti cha afya ya mimea. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, lakini hakifuti kodi nyingine za ndani wala ukaguzi wa afya. Bila ankara ya kuonyesha thamani, utamshawishi vipi ofisa?

Sasa tuje kwenye fedha. Mimi nina madaftari mawili, la shilingi na la faranga. Kila ninapobadilisha fedha naandika kiwango cha siku hiyo, maana faida inayoonekana kwenye shilingi inaweza kumezwa na kiwango. Ujumbe wa malipo ya simu naunakili jioni hiyo hiyo, kwa kuwa simu huibwa na ujumbe hufutika. Laini ya biashara ni yake peke yake.

Mchele unaoingia jikoni nao huandikwa. Kilo tano kwa wiki ni zaidi ya magunia mawili ya kilo mia kwa mwaka. Familia lazima ile, lakini ile kutoka kwenye posho ninayojilipa kila Ijumaa.

Mwishoni, mwenzi wako ajue ufunguo wa sanduku ulipo. Jirani yangu mmoja aliugua ghafla akalazwa miezi miwili. Madeni yote alikuwa ameyaweka kichwani. Waliomdai walifika nyumbani siku ya tatu. Aliowadai wakanyamaza kimya. Mkewe hakuwa na jina wala kiasi cha kumfuata mtu, na mtaji ukaishia hospitalini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huna haja ya kusubiri fedha za kununua meza ya vioo. Anza na bahasha, madaftari mawili na sanduku lenye kufuli, kisha uandike mzigo wa leo kabla hujalala.