Kumtaka Mtu na Kumpenda: Kipimo ni Neno "Hapana"



Mzazi akiambiwa kwamba kijana fulani "amemtaka" binti yake, anashtuka. Akiambiwa "amempenda", anauliza kijana ni wa ukoo gani na wazee wake watakuja lini. Lugha yetu imekwisha kuona tofauti ambayo sisi wenyewe, moyo ukiwa unapiga, mara nyingi hatuioni. Kumtaka mtu na kumpenda vinaweza kuanza kwa tabasamu lile lile na usingizi ule ule unaopotea usiku. Tutavitofautishaje?

Tamaa ni kosa gani?

Mama Kanisa anauhesabu uzinzi, yaani tamaa mbaya ya mwili, kati ya vichwa saba vya dhambi, pamoja na majivuno, uchoyo, wivu, hasira, ulafi na uvivu. Vinaitwa vichwa kwa sababu huzaa dhambi nyingine. Tamaa huzaa uongo, uongo huzaa usaliti, na wakati mwingine, kama tutakavyoona, damu humwagika.

Lakini tuelewane mapema: kuvutiwa na mtu si dhambi. Mungu ndiye aliyemuumba mwanamume na mwanamke, na mwili ni kazi ya mikono yake. Hata neno "tamaa" si baya daima. Tunasema mtu "amekata tamaa" pale anapopoteza tumaini. Kosa linaanza tunapoutenga mwili wa mtu na mtu mwenyewe, tukautaka mwili na kusahau kwamba una jina, una wazazi, una kesho yake. Ndiyo maana Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 5, anaipeleka amri ya sita mpaka ndani ya moyo. Anaonya juu ya jicho linalomtazama mwanamke ili kumtamani, kabla mkono haujafanya lolote.

Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, alilieleza jambo hili katika kitabu chake *Upendo na Uwajibikaji* cha mwaka 1960. Alifundisha kwamba kinyume cha kumpenda mtu ni kumtumia. Tunaweza kumtumia mtu bila kumchukia hata kidogo, kama tunavyotumia jembe.

Amnoni aliyejidhani anapenda

Tusome Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni, mwana wa mfalme Daudi, alimpenda Tamari mpaka akaugua. Ndivyo alivyojiona mwenyewe. Kwa shauri la rafiki yake Yonadabu akajilaza kitandani, akaomba Tamari aje kumpikia. Tamari alipoona nia yake alikataa. Akamsihi azungumze na mfalme, asimtie aibu. Amnoni hakusikia, alikuwa na nguvu kuliko yeye, akamshika.

Maandiko yanasema kwamba baada ya hapo alimchukia Tamari kuliko alivyompenda kwanza. Akaagiza atolewe nje na mlango ufungwe. Hamu ilipokwisha, hapakubaki mtu machoni pake. Kama ule ungekuwa upendo, ungebaki.

Tuseme wazi pia: Tamari hakutenda dhambi yoyote. Aliyelazimishwa hana hatia ya tendo lile, na yeyote kati yetu anayemlaumu kwa mavazi yake au kwa kuingia chumbani anamfungia mlango mara ya pili. Daudi alikasirika, lakini hakuchukua hatua. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni. Ukimya wa baba nao ulizaa matunda yake.

Jumba la Kabaka

Historia ya Kanisa letu la Afrika Mashariki ina ushuhuda wa namna hiyo hiyo. Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyeanza kutawala mwaka 1884, aliwataka vijana waliohudumu katika jumba lake. Vijana Wakristo walikataa. Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwakinga wadogo, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Kulikuwa na sababu za kisiasa pia, lakini kukataa kwao kuliwasha hasira ya mfalme. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga na wenzake wengi walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Wiki chache baada ya kutangazwa kwao, tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro nchini Kongo, sista kijana Anuarita Nengapeta aliuawa na waasi kwa kuwa alimkataa ofisa wao aliyemtaka. Alimsamehe aliyemwua. Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa mwaka 1985.

Tukiziweka habari hizi pamoja, tunapata kipimo kilicho rahisi kukumbuka. Ukitaka kujua kama unapenda au unatamani, angalia unafanya nini unapoambiwa "hapana", au hata "subiri". Tamaa hukasirika, hubembeleza kwa hila, hutisha, hulipiza kisasi. Upendo huumia, maana kukataliwa kunauma kweli, lakini humwacha mtu huru na humtakia mema. Lwanga aliwapenda wale vijana, na upendo wake ulionekana katika kusimama kati yao na mwenye nguvu.

Hapa kwetu Dodoma

Dodoma ni jiji la ofisi na vyuo. Wengi huja hapa kutafuta kazi, matokeo mazuri, saini ya mkubwa. Penye mwenye saini na mwenye shida, tamaa hupata silaha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inahesabu kuwa kosa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, cheo au haki ya mtu. Watu wanaiita rushwa ya ngono. Anayedai anaweza kusema kwamba anampenda binti yule. Basi ampe alama zake halali kwanza, kisha asikilize jibu lake.

Nasi tulioko seminarini tusidhani haya ni ya wengine. Padre naye ana mamlaka: watu humfungulia mlango, humweleza siri, humkabidhi watoto wao. Ndiyo sababu mwaka 2019 Papa Fransisko, kwa hati *Vos estis lux mundi*, aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji, ili ukimya wa Daudi usirudiwe ndani ya Kanisa. Useja hautuondolei hisia. Mseminari anayejifanya hana hisia hatari yake ni kubwa kuliko yule anayezungumza ukweli na mlezi wake wa kiroho.

Wakulima wa zabibu wa hapa Dodoma wanaweza kutufundisha. Mkulima hupogoa mzabibu wake. Anayeona matawi yakianguka chini anaweza kudhani anauharibu, lakini mkulima anajua asipokata atapata majani mengi na zabibu chache. Usafi wa moyo ni kupogoa huko. Kwa wachumba ni kusubiri siku ya altare. Kwa wanandoa ni uaminifu, na pia kumwuliza mwenzi hali yake kabla ya kudai haki. Kwetu sote ni kuizima simu usiku inapotuletea miili isiyo na majina, ni kufunga, ni sala, ni kurudi kwenye Kitubio bila kuona aibu hata kama tumeanguka mara ya kumi.

Jioni ya leo, katika kutafiti dhamiri, tujiulize swali moja: ni nani aliyetuambia "hapana", nasi tukamtendea nini? Kama tulimkosea, twende tukaombe msamaha, bila kumtaka kitu kingine.

Watakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.