Tairi, Madeni na Hati ya Nyumba

Vyuma vikikaza, duka la tairi linaweza kuondoka na mtaji, nyumba, hata roho ya mtu. Hivi ndivyo mimi na mwenzangu tunavyolivusha la kwetu, huku Sumbawanga.

Mpenzi msomaji, hivi wewe na mwenzio mmewahi kulala saa nane za usiku mkipiga hesabu za madeni badala ya kupiga stori za mapenzi? Kama bado, jiandaeni. Siku hizi wengi wanafunga ndoa na biashara siku hiyo hiyo: saluni, duka la dawa, bodaboda mbili tatu. Sisi tuliangukia kwenye tairi. Mimi nashika daftari na stoo, mume wangu yuko nje na mafundi, jeki na kompresa.

Ukilitazama duka la tairi unaona rundo la mpira mweusi tu. Lakini ndani yake kuna hatari tatu, na zote hukua pale hela inapokuwa ngumu. Unaweza kumaliza mtaji, unaweza kupoteza nyumba, na unaweza kumuua mtu. Kwa miaka tuliyokaa kwenye kazi hii nimegundua kwamba zote tatu huanzia sehemu moja: kufichana. Mmoja anaficha deni, mmoja anaficha mkopo, duka linamficha mteja umri wa tairi. Kwa hiyo ulinzi wetu mkubwa si mlinzi wa usiku. Ni makubaliano kwamba kati yetu sisi wawili hakuna kinachofichwa.

Lami ilivyogeuza mambo

Kwa wale ambao hamjafika huku, Sumbawanga ipo juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba koti unalivaa hata mchana. Zamani barabara ya kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 220, ilikuwa vumbi na mawe, na tairi lilikufa kwa kukatwa. Kisha ikaja lami kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani (MCC), chini ya mkataba uliosainiwa 2008 na kuisha 2013.

Ungedhani lami ingetuharibia soko. Wapi! Ilibadilisha tu namna tairi linavyokufa. Sasa Fuso imesheheni mahindi, upepo hautoshi, na dereva anakimbia. Ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachia, paa! Na ukitoka kwenye baridi yetu ukashuka bonde la Ziwa Rukwa, unaingia kwenye joto jingine kabisa. Ndiyo maana tunawaambia madereva wapime upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likiwa la moto kipimo kinadanganya, na kulipunguza upepo likiwa hivyo ni kulitafutia kifo likipoa.

Halafu kuna kalenda. Hapa hela inafuata mahindi. Yakivunwa na kuuzwa, kila mwenye lori anataka tairi. Ikifika Januari hadi Machi, mvua inanyesha, akiba za watu zimeishia kwenye mbolea na ada za shule, na sisi tunakaa tunatazamana. Duka la tairi Sumbawanga haliangalii mwezi mmoja. Linaangalia mwaka mzima.

Miaka iliyotukaba

Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza zuio la kupeleka mahindi nje ya nchi. Bei ikaanguka, magunia yakakaa ndani, na malori yaliyotegemea mzigo ule yakaegeshwa. Lori lililoegeshwa halili tairi. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa na foleni ya malori ikajaa Tunduma. Mwaka 2022 petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, hadi Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Mwenye gari akishalipa mafuta kwa bei hiyo, tairi analivuta hadi libaki kipara.

Lakini iliyotufundisha hesabu ni dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na mwaka 2024 ikafika 2,700 hivi, tena kuipata ilikuwa kazi. Chukua mfano huu. Umenunua tairi kwa shilingi 200,000, unaliuza 230,000. Unafurahi umepata 30,000, si ndiyo? Ukienda kununua jingine kama lile, dola imepanda, sasa ni karibu 235,000. Yaani umeuza kwa faida na bado hela uliyoshika haitoshi kurudisha tairi moja dukani! Maduka mengi hufa hivyo, yakiwa na wateja na risiti zikitoka kila siku.

Toka hapo tukaweka kanuni: bei ya dukani inafuata gharama ya kununua tairi lijalo, siyo lile lililopita. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini, na hilo limetusaidia kupata bei za shilingi kutoka kwa wasambazaji. Ila tairi linaagizwa nje, kwa hiyo dola bado imo ndani ya ile shilingi. Kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000.

"Wewe nakuamini"

Katikati ya ukata ule wa dola, msambazaji mmoja alimpa mume wangu ofa tamu: chukueni mzigo mkubwa kwa mpigo, mpate punguzo kabla bei haijapanda tena. Hela hatukuwa nayo. Benki ingetoa, kwa dhamana ya nyumba tunayoishi.

"Mama, tukichukua sasa tunapona," aliniambia. "Dola ikipanda tena tutalia."

"Na mahindi yakikosa soko kama 2017?"

Akanyamaza. Kisha akasema lile neno ambalo kila mke anayefanya biashara na mumewe atalisikia siku moja: "Kwa hiyo huniamini?"

"Wewe nakuamini," nikamjibu. "Januari ndiyo siiamini."

Hakucheka. Tulikaa siku mbili tukizungumza mambo ya watoto tu, kwa ufupi. Siku ya tatu nilimwekea daftari mezani, mauzo ya miezi mitatu mibaya ya kila mwaka, na pembeni yake rejesho ambalo benki ingelitaka kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Hatukuhitaji kugombana tena. Kwa mauzo ya Januari hadi Machi, rejesho lingekula kodi ya fremu, mishahara na ada, na bado lingedai.

Wadada na wakaka, hapa pana sheria ambayo ni vizuri wote wawili muijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inataka ridhaa hiyo ionekane ndipo rehani ya nyumba ya familia iwe halali. Hata kama hati ina jina moja. Kwa hiyo ukiletewa fomu, usisaini kwa kuogopa kuonekana huna mapenzi. Omba hesabu. Na wewe unayeomba sahihi, njoo na hesabu mkononi, usije na nyimbo.

Tulichofanya ni hiki: tukachukua mzigo mdogo kwa hela yetu, saizi zinazotoka haraka tu, na tukaungana na wenzetu wa maduka mawili kugawana gharama ya lori moja la kusafirisha. Punguzo lilikuwa dogo. Nyumba ipo.

Mali kauli, lakini kwa kipimo

Huku kila dereva ni ndugu. "Shemeji, nipe mbili, nikirudi Mpanda nakulipa." Ukikataa wewe ni mbaya, ukikubali kila siku umefunga duka. Rudi kwenye mfano wetu wa shilingi 200,000. Mmoja akikimbia na tairi lako, unatakiwa uuze saba nyingine kwa faida ya 30,000 ndipo urudi ulipokuwa. Saba! Januari!

Kwetu mali kauli ina mipaka mitatu. Kwanza, madeni yote ya wateja yakijumlishwa hayazidi faida ya mwezi mmoja wa kawaida, ili yakipotea yasiguse mtaji. Pili, anayekopa analipa kwanza nusu, na anaandika kwa mkono wake. Tatu, hakuna kati yetu anayekopesha bila mwingine kujua siku hiyo hiyo. Hii ya tatu ndiyo ngumu, maana washikaji wa mume wangu wanamfuata yeye, na ndugu zangu wananifuata mimi. Siku hizi jibu letu ni moja: "Ngoja nimuulize mwenzangu." Lugha ya upole, na imetuokolea mamilioni.

Tairi linalokwenda kubeba watu

Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ukiona 3518, maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata likiwa limelala stoo. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka kumi hata kama kashata zake bado ndefu. Ndani ya mifereji kuna vivimbe vidogo vilivyowekewa alama ya TWI. Kashata zikishuka hadi usawa wake, tairi limekwisha.

Februari moja mwenye Hiace alikuja akitaka tairi mbili za bei ya chini. Aliona zetu mbili za zamani kwenye kona, akazing'ang'ania. "Nauza roho yangu, dada, haikuhusu." Roho yake? Hiace inabeba familia za watu! Kodi ya fremu ilikuwa imebaki wiki moja na hatukuwa nayo kamili. Nilimwangalia mume wangu, akatikisa kichwa. Tukamwambia hapana. Alituachia maneno makali, na siku ile tulifunga bila kuuza hata tairi moja.

Kesho yake mume wangu alizikata zile tairi kwa msumeno, zikaenda kwa mshona katambuga. Tairi lililokataliwa tusiliache zima dukani, maana njaa ikizidi utalikubali. Na tangu hapo, mzigo ukishuka, tunasoma tarakimu kabla ya kulipa.

Kijana anayejaza upepo

Hali ikiwa mbaya, cha kwanza mtu anachobana ni usalama wa mafundi. Asikudanganye mtu, tairi la lori linajazwa pauni mia na zaidi. Rimu yenye pete ya chuma ikiruka, inaua. Kwetu linajazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo ni mrefu, na fundi anasimama pembeni, hainamii. Tairi la lori lililotembea bila upepo halijazwi hadi livuliwe na kukaguliwa ndani. Na hakuna kuchomelea rimu ikiwa na tairi juu yake, hata kama upepo umetolewa, kwa sababu joto linaweza kulilipua. Mafundi tumewasajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), kama sheria inavyotaka. Stoo haina sigara wala jiko, mtungi wa kuzimia moto upo mlangoni, na namba ya Zimamoto, 114, imeandikwa ukutani.

Jumapili jioni

Kila Jumapili, watoto wakishakula, tunaweka mezani vitu vinne: hela iliyopo, madeni tunayodai, madeni tunayodaiwa, na tairi zilizokaa zaidi ya miezi sita. Nusu saa tu, simu zimezimwa. Kuna Jumapili tunacheka, kuna Jumapili tunanuniana. Jina la mji wetu huelezwa kuwa kwa Kifipa ni kutupa uchawi, na majirani wengine walipoona duka limevuka ile miaka walitutania kwamba sisi wetu hatujautupa. Dawa yetu ni daftari la shilingi elfu mbili na kalamu.

Kama mnafikiria kuanza biashara pamoja, iwe ya tairi au ya vitenge, kubalianeni mambo haya kabla ya kupaka rangi fremu: ni kiasi gani cha deni kinahitaji sahihi ya wote wawili, ni mali gani haiwekwi rehani hata iweje, na ni kitu gani hamtamuuzia mteja hata kama mnalala njaa. Andikeni, kila mmoja asaini. Vyuma vikikaza hamtakuwa na muda wa kukaa na kutafakari. Mtafungua daftari na kusoma mlichokubaliana mkiwa mmeshiba.