Upimaji wa Utimamu wa Mwili kwa Wanamichezo Chipukizi wa Bukoba na Muleba

Uteuzi wa wanamichezo wa UMITASHUMTA na UMISSETA huanzia shuleni, kisha hupanda hadi wilaya na mkoa. Bukoba na Muleba, kama kwingineko nchini, jicho la mwalimu wa michezo ndilo hutegemewa zaidi. Jicho hilo lina thamani yake, ila haliachi kumbukumbu inayoweza kulinganishwa na ya mwaka unaofuata.

Jaribio jepesi kuliandaa ni la Kenneth Cooper, lililochapishwa mwaka 1968: mtahiniwa hukimbia kwa dakika 12, na umbali aliofikia hugeuzwa kuwa makadirio ya kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kutumia. Aliyefikisha mita 2,400 hukadiriwa mililita 42 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Hata hivyo, kanuni hiyo ilitokana na wanaume 115 wa Jeshi la Anga la Marekani, wenye umri wa miaka 17 hadi 52. Kumpimia kwayo msichana wa miaka 13 wa Kamachumu ni kumvika kiatu cha mtu mwingine. Jaribio la Luc Léger huwafaa watoto zaidi: hukimbia mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, wakianza na mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, unaoongezwa 0.5 kila dakika. Lakini kwenye nyasi zilizolowa mvua za Aprili mtoto huteleza kila anapogeuka, na matokeo yake hayalinganishwi na ya uwanja mkavu wa Julai.

Kasoro kubwa zaidi imo damuni. Oksijeni hubebwa na hemoglobini, nayo malaria huipunguza. Muleba mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa za pairethroidi, hata vyandarua vilivyoongezewa kiambato cha PBO vikafanyiwa utafiti huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kijana aliyetoka kuugua huishiwa pumzi mapema. Anayeshika kalamu huandika kwamba hafai, ilhali kilichopimwa ni ugonjwa. Kipimo cha hemoglobini kwa tone la damu ya kidoleni, pamoja na swali kuhusu homa za wiki zilizopita, vingestahili kutangulia mbio.

Kuna pia suala la ukuaji. Kwa wastani, wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12, wavulana 14, lakini wanafunzi wa darasa moja hupishana sana. Mwalimu anayeandika kimo na uzito kila muhula huweza kumtambua aliyechelewa kubalehe, akampima tena mwaka unaofuata kabla ya kumwondoa kikosini.