Kushindwa Peke Yake Hakufundishi

Kijana akifungwa katika mchezo wa sataranji, wakubwa humpa faraja moja waliyoizoea: usijali, umejifunza. Maneno hayo yana upendo ndani yake, lakini utafiti kuhusu namna akili inavyojifunza haukubaliani nayo moja kwa moja. Wapo watu wanaofungwa mwaka hadi mwaka kwa kosa lile lile, na wapo wanaopata somo zito katika mchezo walioushinda. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ushindi haufundishi kwa kuwa ni ushindi, wala kushindwa hakufundishi kwa kuwa kunauma. Kinachofundisha ni tofauti kati ya kile mchezaji alichotarajia na kile kilichotokea. Asiyejua alitarajia nini hana cha kulinganisha, hata machozi yake yawe ya kweli kiasi gani.

Tumchukue kijana wa Nengo, mtaa wa Gisenyi, Rwanda, ulio kando ya Ziwa Kivu, si mbali na mpaka wa Goma. Ana ubao mmoja, simu, marafiki wachache wa kucheza nao, na pengine kila mwaka anapata mashindano kadhaa yanayohesabiwa. Akiingia kwenye orodha ya Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, atapewa alama zinazopanda na kushuka kwa hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani. FIDE iliipokea hesabu hiyo mwaka 1970. Inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake imo nadharia nzima ya kujifunza. Kabla ya mchezo, hesabu hukisia matokeo. Mwenye alama 1500 akikutana na mwenye 1900, anatarajiwa kupata wastani usiofika 0.1 ya pointi. Kwa kijana mwenye umri chini ya miaka 18, tofauti kati ya kisio na matokeo huzidishwa kwa 40. Akifungwa, anapoteza alama zisizofika nne, kwa sababu hakuna aliyeshangaa. Akishinda, anaongezewa zaidi ya 36. Na wanapokutana vijana wawili walio sawa, mshindi hupata 20 na aliyeshindwa hupoteza 20. Kwa hiyo hesabu hii haimwadhibu mtu kwa kushindwa. Inapima mshangao, kisha inasahihisha kisio lake la awali.

Ubongo nao unafanya jambo linalokaribiana sana na hilo. Katika majaribio ya Wolfram Schultz, nyani walipewa matone ya juisi huku chembe za neva zinazotoa dopamini zikipimwa. Juisi iliyokuja bila kutarajiwa iliziamsha chembe hizo. Nyani alipokwisha kuzoea kwamba ishara fulani hutangulia juisi, chembe ziliitikia ishara, na juisi yenyewe ikawa haizisisimui tena. Na juisi iliyotarajiwa isipokuja, utendaji wa chembe ulishuka chini ya kawaida, katika sekunde ile ile ambayo juisi ilipaswa kufika. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza matokeo hayo kwa hesabu: chembe zinapeleka habari ya kosa la utabiri, si habari ya starehe. Kanuni ya jamaa hiyo ndiyo iliyoijenga AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind, ambayo ilipewa sheria za sataranji tu kisha ikaachwa icheze yenyewe kwa yenyewe. Ilicheza michezo milioni 44 katika muda wa saa tisa, na katika kila mmoja ilikadiria nani atashinda, kisha ikajirekebisha kulingana na umbali kati ya kadirio na matokeo. Upande ulioshinda na ule ulioshindwa zilikuwa na thamani sawa mbele yake.

Kijana wa Nengo, hata hivyo, si mashine, na hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 2019 Lauren Eskreis-Winkler na Ayelet Fishbach walichapisha majaribio yanayopaswa kumfikirisha kila mwalimu. Watu waliulizwa maswali yenye majibu mawili tu ya kuchagua, wakaambiwa wamepata au wamekosa. Kwa kuwa majibu yalikuwa mawili, aliyeambiwa "umekosa" alipata habari ile ile kamili aliyoipata aliyeambiwa "umepatia": jibu sahihi ni lile lingine. Lakini walipojaribiwa tena, waliokosa walikuwa wamejifunza machache kuliko waliopatia. Kosa lilipokuwa la mtu mwingine, wakilitazama kutoka pembeni, walijifunza vizuri kama walivyojifunza kutokana na mafanikio ya wengine. Maana yake ni kwamba uwezo wa kuelewa ulikuwepo. Heshima ya nafsi iliyojeruhiwa ndiyo iliyofunga masikio. Maumivu tunayoyasifu kuwa ni mwalimu huwa mara nyingi ndiyo yanayomfukuza mwanafunzi darasani.

Afrika Mashariki inayo hadithi maarufu ya sataranji, ile ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, iliyoandikiwa kitabu na kisha kutengenezewa filamu mwaka 2016. Alianza kufundishwa akiwa na umri wa miaka tisa hivi, katika mradi wa Robert Katende. Mwaka 2010 alipelekwa kwenye Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, akapoteza mchezo wake wa kwanza mbele ya Dina Kagramanov wa Kanada. Miaka miwili baadaye, Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakaiwezesha Uganda kuwa na wanawake wake wa kwanza wenye taji la FIDE. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa moyo usiokata tamaa, na moyo huo ulikuwepo kweli. Lakini kuisimulia hivyo tu kunamficha mtu muhimu: mwalimu aliyekaa upande wa pili wa ubao. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya mwalimu baada ya mwanafunzi wake kufungwa ni kuugeuza mchezo ule uwe kama wa mtu mwingine, ili uweze kutazamwa bila jeraha. Kijana asiye na mwalimu anaweza kuipata nusu ya faida hiyo kwa kumpa rafiki karatasi ya hatua za mchezo na kumwachia akosoe.

Ushindi nao una hatari yake, tena isiyopigiwa kelele. Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet waliwapa wachezaji hodari fumbo la sataranji lenye suluhisho la kawaida wanalolifahamu, na jingine fupi zaidi wasilolizoea. Waliona lile la kawaida, wakaambiwa watafute bora zaidi, na wakasema kwa uaminifu kwamba wanatafuta. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha vingine: macho yao yaliendelea kurudi kwenye nyumba za suluhisho walilokwisha kulipata. Wazo lililowahi kushinda huziba njia ya wazo lililo bora. Mwaka 2004 Michelle Cowley na Ruth Byrne walionyesha kipengele kingine: wachezaji wazoefu wanapopanga hatua huitafuta ile hatua ya mpinzani itakayouvunja mpango wao, ilhali wachanga humpangia mpinzani majibu yanayowafaa wao wenyewe. Mchezaji mchanga wa namna hiyo akikutana na mpinzani dhaifu, mpinzani anacheza kweli kama alivyotamaniwa, na tabia mbovu inapewa zawadi. Huo ni ushindi unaodai uchunguzi mkali kuliko kipigo cha haki kutoka kwa mtu mwenye alama 1900.

Je, anayejifunza anakusanya nini hasa? Adriaan de Groot, katika tasnifu yake ya mwaka 1946, aliona kwamba mabingwa hawakutazama mbele mbali sana kuliko wachezaji wa kawaida. Waliona mapema ni wapi pa kutazama. William Chase na Herbert Simon mwaka 1973 walimwonyesha bingwa mkao wa kete kwa sekunde tano, naye akaupanga upya kwa kumbukumbu sehemu kubwa, ilhali mgeni aliweka kete chache tu. Kete zilipotawanywa bila mpango, faida ya bingwa ikakaribia kutoweka. Anachobeba ni maumbo yenye maana, kila moja likiwa na matarajio yake: mfalme akikaa hivi na askari wake wakisimama vile, hatari inatoka kule. Rwanda haikusubiri sataranji ili iwe na akili za namna hiyo. Igisoro, mchezo wa mashimo 32 na mbegu 64, ni ndugu wa bao la Waswahili, na Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu ya mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, alionyesha kwamba bao linaweza kuchezwa bila kuliona. Lakini sataranji ina kitu kimoja ambacho igisoro haina katika mazoea yake, nacho ni karatasi. Kila hatua ya mchezo wa mashindano marefu huandikwa, na kwa hiyo kipigo cha Jumamosi kinaweza kufunguliwa Jumatano, hatua kwa hatua, bila kubishana ilikuwaje.

Karatasi hiyo hubeba hatua, haibebi matarajio, na sheria za FIDE haziruhusu kuandika humo mawazo yako wakati mchezo unaendelea. Kwa sababu hiyo dakika za kwanza baada ya kupeana mkono zina thamani kubwa. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua matokeo, huamini kwamba yalikuwa yakitabirika tangu mwanzo, na hata hukumbuka vibaya alichokuwa akifikiri. Kijana anayefungua Stockfish, programu ya kuchambua michezo, kwenye simu mara tu baada ya kufungwa anaufuta ushahidi wa kosa lake mwenyewe. Programu inamwambia kuwa hatua ya 23 ilikuwa mbaya, anatikisa kichwa, anasema "aa, nilijua". Hakujua. Angeandika kwanza kwa maneno yake, "nilidhani farasi wake atarudi nyuma, sikuona kwamba anaweza kumla askari," tofauti ingebaki wazi mbele ya macho yake. Tena tangu kazi ya Brady Butterfield na Janet Metcalfe ya mwaka 2001 inafahamika kwamba kosa ambalo mtu alikuwa na hakika nalo ndilo linalosahihishika vizuri zaidi akipewa jibu sahihi. Kwa hiyo inafaa aandike na kiasi cha hakika aliyokuwa nayo.

Atatokea wa kupinga kwamba yote haya ni jitihada bure mbele ya kipaji. Pingamizi hilo lina msingi. Guillermo Campitelli na Gobet walipowachunguza wachezaji wa Ajentina, walimkuta aliyefikia ngazi ya ubingwa kwa saa zipatazo 3,000 za mazoezi, na mwingine aliyehitaji zaidi ya 23,000. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2014 ulikadiria kwamba mazoezi ya makusudi yanaeleza asilimia 26 tu ya tofauti za uwezo katika michezo ya aina hii. Nakubali kwamba watu hawatoki mahali pamoja wala hawaendi kwa kasi moja. Lakini takwimu hizo zinahesabu saa. Hazisemi ndani ya saa mtu alifanya nini. Neil Charness na wenzake walikuta mwaka 2005 kwamba kujisomea kwa makini peke yako kunatabiri alama za mchezaji vizuri kuliko michezo mingi ya mashindano, na kwamba wakuu wa sataranji walikuwa wametumia saa zipatazo 5,000 kwa kazi hiyo katika miaka yao kumi ya kwanza, karibu mara tano ya wachezaji wa kati. Kwa kijana wa Gisenyi habari hiyo ni njema mno. Wapinzani wakali wako mbali na nauli ni ghali, ila saa ya kukaa na mchezo wako mwenyewe inapatikana popote penye taa.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi: kwamba kumfanya mtoto achambue kila mchezo ni kumwua hamu. Ni kweli mchezo ni wa kufurahia kwanza, na michezo ya dakika tatu kwenye simu ina raha yake. Ila raha hiyo inatoa matokeo mengi kuliko akili inavyoweza kuyalinganisha na chochote, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kutarajia. Mashindano ya vijana ya siku moja mara nyingi yanashindiliwa raundi nyingi za haraka ili kila mtoto acheze sana. Ningependa klabu za Rubavu, wilaya ya kijana wetu, zijaribu raundi tatu ndefu, na baada ya kila raundi nusu saa ambayo wawili waliopambana wanakaa upande mmoja wa ubao na kuurudia mchezo wao. Aliyeshinda aanze kusema, na aanze na mahali alipoogopa.