Pondo na Tanga Angani

Yeyote asimamaye asubuhi gatini Kamanga, mjini Mwanza, wakati mabaharia wa kivuko wanafungua kamba na wachuuzi wanatandaza dagaa wao, anaweza, akiwa na subira, kuona jambo ambalo wahandisi wa mataifa makubwa walilitafuta kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi. Mdiria, yule wa mabaka meusi na meupe, huruka kutoka juu ya jiwe, akafika juu ya maji, akasimama hewani. Mwili umening'inia, mabawa yanapiga kwa haraka isiyohesabika, na kichwa kimetulia tuli kana kwamba kimepigiliwa msumari angani. Asipoona samaki hujinyoosha, akajilaza juu ya upepo, akaenda zake hadi mahali pengine, akasimama tena. Siku moja nilijaribu kuinasa kwa macho ile nukta anapoacha kusimama na kuanza kwenda. Nikashindwa mara saba, na kabla ya mara ya nane kivuko kilipiga honi, nikakumbuka kwamba nilikuwa na safari.

Nukta hiyo ndiyo muradi wa makala haya. Ziko ndege zilizoundwa na binadamu ambazo hupaa wima kama helikopta, kisha husafiri mbele kwa mabawa kama ndege nyingine zote, na moja ya jinsi hiyo, isiyo na rubani ndani yake, ya zile ambazo watu wetu huziita ndege nyuki, ilivuka Ziwa Victoria mara nyingi katika mwaka 2018. Kampuni ya usafirishaji ya DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ, na Wingcopter, waunda ndege wa nchi hiyohiyo, waliungana katika majaribio ya miezi sita yaliyoitwa Deliver Future, wapate kujua kama dawa zingeweza kufikishwa Ukerewe kwa njia ya anga. Kwa barabara, kuzunguka hadi kisiwani ni kilomita 240 na takriban saa sita. Kwa anga ni kilomita 60, ambazo ndege hiyo ilizimaliza kwa wastani wa dakika 40. Uwezo wake ulikuwa kubeba mzigo usiozidi kilo 4, na hadi majaribio yalipokwisha ilikuwa imekwenda kilomita 2,200. Mwaka huohuo, tarehe 20 Septemba, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika wilaya hiyohiyo ya Ukerewe, na watu zaidi ya 200 wakafa maji. Kwa hiyo wenyeji wa visiwa hivi hawakuhitaji mgeni wa kuwafasiria ni kitu gani kinachotenga kisiwa na hospitali ya bara.

Kilo 4, atasema msomaji, si kitu; mwanamke anayetoka sokoni Kirumba hubeba zaidi ya hizo kwa mkono mmoja. Ni kweli kwa mchele, lakini si kweli kwa chanjo, wala kwa dawa ya sumu ya nyoka, ambayo chupa zake chache zikifika leo humponya mtu, na zikifika kesho huwakuta waombolezaji.

Kabla ya kuendelea yafaa nitaje njia ya werevu ambayo wengine waliifuata ili kuikwepa taabu ya nukta hiyo ya kuacha kusimama na kuanza kwenda. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, kampuni ya Zipline hurusha ndege zake kwa mtambo unaozifyatua kama manati, zikaenda kwa mabawa mwanzo hadi mwisho, zikafika juu ya hospitali na kudondosha damu kwa mwavuli, kisha zikarudi zilikotoka bila kugusa ardhi. Mpango huo ni mzuri, na umeokoa maisha. Lakini ndege isiyotua haiwezi kupokea kitu: huleta damu, ila haichukui damu ya mgonjwa kuipeleka maabara. Waliofikiria Ukerewe walitaka safari ya kurudi nayo iwe na mzigo, na atakaye hayo hana budi kutua mahali pasipo uwanja, penye ua wa zahanati na labda mwembe mmoja, kisha kupaa tena kutoka hapohapo.

Sasa tutazame ugumu uko wapi. Helikopta husimama angani kwa kuwa rafadha yake, yaani lile panga linalozunguka juu, huisukuma hewa chini bila kukoma, nayo hewa huisukuma juu. Ni kazi ya nguvu tupu, na gharama yake ni kubwa. Betri inayoweza kuisafirisha ndege kwa mabawa muda mrefu humalizwa upesi sana na kusimama hewani. Bawa lina tabia nyingine kabisa. Lisipokwenda halibebi hata unyoya. Likienda hubeba kwa gharama ndogo, na ubebaji wake hufuata mraba wa mwendo, maana mwendo ukiwa maradufu nguvu huwa mara nne, na ukipungua nusu hubaki robo tu. Tuseme kwa mfano kwamba ndege fulani hubebwa yote na mabawa yake inapotimiza kilomita 60 kwa saa. Ikiwa katika kilomita 30, ambapo mtazamaji angedhani imefika nusu ya njia, mabawa yake yamepokea robo ya uzito tu, na robo tatu zingali juu ya rafadha.

Wenye vyombo wanaielewa hali hii pasipo hesabu. Chombo kinapotoka ufukweni, penye maji haba, husukumwa kwa pondo; kikifika kilindini pondo haigusi chini tena, na hapo sharti tanga liwe limekwisha kujaa upepo. Mwenye kuitupa pondo mapema, tanga lake likiwa lingali linapigapiga, huchukuliwa na mkondo hadi kwenye mawe. Na mwenye kuing'ang'ania mno huvutwa nayo akaangukia majini, watu wakamcheka. Ndege ya jinsi hii ina pondo, ambayo ni rafadha, na ina tanga, ambalo ni bawa, na kilindi chake ni hewa tupu, ambamo hakuna wa kumcheka aangukaye.

Historia yake inathibitisha hayo. Mwaka 1954 Wamarekani waliijaribu Convair XFY, waliyoipa jina la utani Pogo, ndege iliyosimamishwa kwa mkia wake, pua ikielekea mbinguni. Ilipaa wima, ikajilaza hewani, ikaenda mbele barabara. Balaa lilikuwa kurudi: ilimlazimu rubani kuisimamisha tena kwa mkia, yeye mwenyewe akiwa chali macho juu, ashuke kinyumenyume huku akipinda shingo aitazame ardhi kwa kupitia bega lake, kama mtu anayeshuka ngazi na kitanda mgongoni. Mradi ukaachwa. Wengine wakashika njia ya kuigeuza rafadha badala ya kuigeuza ndege nzima, na hiyo ndiyo njia ya V-22 Osprey, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1989 na kuingia kazini jeshini mwaka 2007. Baina ya tarehe hizo mbili kuna ajali zilizoua watu, na miaka 18. Ndege iliyovuka kwenda Ukerewe ni ya nasaba hiyo kwa umbo, ingawa ni ndogo na hutumia umeme: rafadha zake hutazama juu wakati wa kupaa, kisha huinamia mbele kidogo kidogo mpaka zikawa za kuvuta.

Katika kuinama huko ndimo yanamozuka mambo mawili. La kwanza ni jepesi kulifahamu: rafadha ikiinama, sehemu ya nguvu yake huacha kuinua na kuanza kuvuta, hata ikifika digrii 60 kutoka wima ni nusu tu ya nguvu hiyo inayoinua, na kama mwendo haujatosha, ndege huzama. La pili ni la ajabu zaidi, na mimi nililielewa baada ya kulirudia mara nyingi. Rafadha zinapotazama juu, ukiizidishia nguvu ya kushoto na kuipunguzia ya kulia, ndege huinama ubavu wa kulia. Rafadha hizohizo zikisha kutazama mbele, tendo lilelile haliinamishi ubavu, bali huipeleka pua kulia, mfano wa mtumbwi unaopigwa kafi upande wa kushoto. Na zikiwa katikati, penye digrii 45, tendo hilo moja hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Amri ni ile ile, ila maana yake inabadilika kadiri mtumishi anavyogeuka! Vile vipande vinavyokunjika nyuma ya mabawa na mkiani, ambavyo ndivyo usukani wa ndege ya kawaida, navyo havina msaada mwanzoni, kwa sababu hewa inayopita juu yake ni kidogo.

Kwa hiyo ndani ya ndege hukaa kompyuta ndogo ambayo kazi yake, mamia ya mara katika kila sekunde, ni kuuliza: rafadha zimeinama kiasi gani, hewa inapita kwa mwendo gani, na kwa hali hiyo nani amekabidhiwa nini? Rafadha zikiwa wima, amri zote huenda kwazo. Mwendo ukiongezeka, vile vipande vya mabawa hupewa sehemu ndogo, kisha kubwa, hadi vikawa watawala na rafadha zikabaki na kazi ya kuvuta. Namna ya kusahihisha makosa ni ile ya mshika usukani mzuri, ambaye hutazama mambo matatu pamoja: chombo kimepotoka kiasi gani sasa, kupotoka huko kumeendelea muda gani, maana kosa dogo lisiloondoka huonyesha kwamba kuna upepo au mkondo unaosukuma daima, na kunazidi au kunapungua kwa haraka gani, ili aurudishe usukani mapema asije akapita mstari na kuangukia upande wa pili. Mwanagenzi hutazama la kwanza peke yake, na ndiyo sababu njia yake majini huwa kama ya nyoka.

Ili kujibu maswali hayo kompyuta hutegemea vihisi: kimoja hupima mzunguko wa mwili, kingine hupima kani zinazouvuta, barometa hukisia kimo, na satelaiti hueleza mahali. Lakini kihisi ninachokiheshimu zaidi ni kimrija kinachotazama mbele, kinachopima mwendo wa ndege dhidi ya hewa. Satelaiti hujua mwendo juu ya ardhi tu, na bawa halina habari na ardhi. Ndege inayosukumwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa kutoka nyuma itaonekana na satelaiti ikienda 60, ilhali bawa linapata 40, na atakayeondoa rafadha kwa kuisadiki satelaiti atakuwa ameitupa pondo tanga likiwa tupu. Kila aliyekaa Mwanza ameviona vile vijidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi mweusi. Kimoja kikijipachika katika kinywa cha kimrija hicho, kompyuta itasoma uongo mtupu, na kwa sababu hiyo mafundi hukifunika chini, na hukitazama tena kabla ya kuruka.

Ziwa nalo lina tabia zake. Maji yake yako mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo rafadha sharti zizunguke kwa kasi zaidi, na bawa lahitaji mwendo uliozidi kidogo ili libebe uzito uleule. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Upepo wa mbele ni rafiki wa ndege inayopaa, kwani hulipa bawa mwendo kabla ndege haijaenda popote. Wa ubavuni ni adui, maana ndege yenye mabawa na mkia, inaposimama hewani, hupigwa kama bendera. Busara ya programu nzuri ni kutoshindana: huiachia pua igeuke yenyewe ikabili upepo, ndipo ianze kazi.

Kisha kuna kufika. Baada ya dakika 40 za kwenda kwa mabawa, juu ya maji yasiyo na mahali pa kupumzika, betri imepungua, na dakika iliyo ghali kuliko zote ndiyo ya mwisho. Msafiri wa basi akiishiwa nauli karibu na kituo huweza kushuka akatembea. Ndege hii haina hiari hiyo. Hivyo akiba ya kutua hutengwa tangu kuondoka, haiguswi kwa ajili ya haraka wala kwa ajili ya upepo, na upepo ukiwa mkali mno ndege hubakishwa Mwanza. Ikikaribia kisiwa hupunguza mwendo, rafadha huinuka, uzito hurudi juu yake sehemu kwa sehemu, ndege hutikisika kidogo, husimama, hugeuza pua upeponi, na kushuka wima mpaka nyasi za uani zilale. Sanduku hufunguliwa, dawa hutolewa, betri hubadilishwa, na kama zahanati ina damu ya kupimwa Mwanza, huwekwa palepale zilipotoka dawa.